Kabla ya kubonyeza kopo, jua mlango uko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie spreyi ya pilipili, lile kopo dogo ambalo dada zetu wanashauriwa kuweka kwenye mkoba na mawakala wa fedha wanashauriwa kuficha chini ya meza. Ushauri wenyewe si mbaya, ila unatolewa nusu. Mtu anaonyeshwa pa kubonyeza, kisha anaachwa aende nalo kwenye chumba cha kupanga, kwenye kibanda cha wakala, kwenye daladala iliyofungwa vioo, mahali ambapo hewa anayovuta mshambuliaji ndiyo hiyohiyo anayovuta yeye. Sisi tunaofundisha walinzi na huduma ya kwanza tunaona nusu iliyobaki ndiyo inayookoa mtu: katika sehemu iliyofungwa, kopo hilo lina kazi moja, kukupa sekunde chache za kufika mlangoni. Kama hakuna mlango unaoweza kuufikia, liache hadi uwe umeishiwa njia zote.

Yeyote aliyewahi kukaanga pilipili mbuzi kwenye jiko lisilo na dirisha anazijua tabia zake. Mpishi anakohoa, mtoto aliyelala chumba cha pili anakohoa, na jirani anagonga ukuta kuuliza mnapika nini humo. Ndani ya kopo kuna kitu hichohicho, kimekamuliwa kutoka kwenye pilipili na kukolezwa, kikachanganywa na kimiminika na gesi ya kukisukuma nje. Kiini chake kinaitwa kapsaisini. Kwenye neva zetu kuna vilango vinavyofunguka joto likifika kama nyuzi 43, ili ubongo ujue kwamba tunaungua. Kapsaisini huvifungua bila joto lolote. Mwanasayansi wa Marekani, David Julius, alikitambua kilango hicho mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini yenyewe, na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba na Ardem Patapoutian. Ndiyo maana aliyepuliziwa hulia kwamba anaungua wakati ngozi yake haina lengelenge hata moja, na ndiyo maana maumivu hupoa yenyewe, kwa wengi ndani ya dakika 30 hadi 45, ingawa ngozi inaweza kuendelea kuwasha kwa saa kadhaa. Macho hufumba bila mtu kuamua, machozi na kamasi humwagika, koo hubana, kikohozi hakikatiki. Neva za mwizi na za mwenye nyumba ni za aina moja.

Tupige hesabu ya hewa. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari ya mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 25 hivi. Kibanda cha wakala cha mita 1.5 kwa 1.5, chenye kimo cha mita 2.2, hakifiki mita za ujazo 5. Maana yake ukipuliza sekunde moja kibandani, ukali wa hewa unakuwa kama wa mtu aliyepuliza sekunde tano chumbani. Nje, tuseme viwanja vya Furahisha hapa Mwanza, dawa ileile inachukuliwa na upepo na ndani ya dakika chache haipo. Na hata huko nje upepo wa ziwa una ratiba yake: mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Anayetembea Kirumba saa tatu usiku akiwa amelipa ziwa uso, upepo kwa kawaida unatoka mgongoni mwake. Huyo ana nafasi nzuri. Ndani ya nyumba hakuna upepo wa kukusaidia.

Makopo nayo hayalingani, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa sababu huangalia ukubwa wa kopo na asilimia iliyoandikwa mbele. Liko linalotoa ukungu unaotanuka kama dawa ya mbu, hufika mita 2 hadi 4. Kumpata mtu kwa ukungu ni rahisi hata mkono ukitetemeka, na kwa kuwa anauvuta puani humkohoza papo hapo. Lakini matone yake ni madogo mno, huelea, huzunguka chumba kizima, hupita chini ya mlango. Kwa matumizi ya ndani hili ndilo baya kuliko yote. Liko linalotoa mchirizi mwembamba kama bastola ya maji, hufika mita 3 hadi 5. Matone ni makubwa na huanguka haraka, ila sharti ulenge. Liko la povu, kama lile la kunyolea ndevu, hunata usoni lakini mwenye akili za haraka anaweza kulikomba kwa kiganja na kukurushia. Na liko la jeli, zito, linanata, haliruki ovyo. Kwa mtu anayejua kwamba hatari yake iko chumbani au kibandani, achague jeli.

Hata hivyo jeli isimdanganye mtu. Ikimgonga mshambuliaji usoni hupasuka vitone vidogo, na baada ya dakika moja au mbili wote mliomo ndani mnaanza kukohoa. Tena jeli hufanya kazi machoni. Ikimpata kifuani imepotea, kwa sababu haivutwi puani kama ukungu. Hivyo hulengwa kwenye mstari wa macho, mkono ukisogea kidogo kutoka jicho hadi jicho, nusu sekunde hadi sekunde moja, basi. Aliyevaa miwani au helmeti ya bodaboda yenye kioo hapatikani kirahisi. Mlevi kupindukia au aliyevuta kitu anaweza kuendelea kuja hata akiwa haoni, na ndiyo sababu baada ya kubonyeza hupaswi kusimama palepale uliposimama.

Kuhusu asilimia: muuzaji akikwambia kopo hili ni la asilimia 10 na lile la 15, anakutajia kiasi cha utomvu wa pilipili uliomo, na utomvu unaweza kuwa mkali au mpole kutegemea pilipili yenyewe. Ukali unasomwa kwenye asilimia ya kapsaisinoidi, yaani kapsaisini na jamii yake, ambayo kwa makopo ya kujilinda huwa kati ya 0.18 na 1.33. Kopo lisiloandika namba hiyo, wala aina ya gesi, wala tarehe ya mwisho, usilipe. Na yale makopo makubwa ya kufukuzia dubu wa Marekani, ya gramu 225 na zaidi, yametengenezwa kutupa wingu zito mita nyingi porini. Ukilifungua moja chumbani utalemewa pamoja na uliyemkusudia.

Sasa tuingie kibandani, kwa sababu mawakala wa M-Pesa na wenzao ndio wanaokaa kwenye hatari hii kila jioni. Tazama kilivyo: stuli, meza nyembamba, droo ya fedha, dirisha dogo lenye nondo mbele, mlango wa bati nyuma wenye komeo na kufuli. Uso wa mteja uko sentimita 60 kutoka kwa wakala. Watengenezaji wengi wanataka angalau mita 1 kabla ya kubonyeza, na wana sababu mbili. Kwa umbali mdogo zaidi, msukumo wa dawa unaweza kulijeruhi jicho lenyewe, achilia mbali kuwasha. Pia dawa inagonga nondo na ubao wa dirisha na kurudi kwako, na wewe ndiye uliyefungiwa ndani. Kwa hiyo anayetegemea kopo kibandani apange hivi. Ikifika jioni komeo la mlango wa nyuma liwe limeachiliwa, na kufuli lisining'inie kwenye pete. Kopo liwe upande wa mkono unaotumia, mahali pamoja siku zote, si ndani ya droo chini ya daftari. Hatari ikitokea, simama, rudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango. Hapo umepata umbali. Vuta pumzi na uizuie. Mkono mmoja mbele ya uso wako, mwingine ubonyeze kwa dole gumba, kopo likiwa wima ndani ya ngumi. Nusu sekunde, geuka, toka. Fedha ziache.

Na kama aliyekuja ana bunduki, au ana panga na tayari ameshaingia ndani kati yako na mlango, mpe fedha. Kopo halishindani na risasi, na mtu aliyepofushwa akiwa na panga mkononi hulizungusha ovyo. Katika mita za mraba mbili na kidogo hutapata pa kulikwepa.

Chumba cha kulala kina mambo yake. Huku kwetu wengi tunalala ndani ya chandarua, na hili silioni likitajwa popote. Ukibonyeza ukiwa ndani ya chandarua, jeli inanasa kwenye wavu na kukuchuruzikia kitandani. Ukungu unapita kidogo, uliobaki unakurudia. Toka kwanza kwenye chandarua, au usibonyeze. Pangaboi likiwa linazunguka, dawa haitakaa upande wa mwizi hata kidogo, italetwa kila kona ndani ya sekunde chache. Ukiweza, gusa swichi ulizime unapoamka. Watoto wakiwa wamelala kwenye godoro sakafuni, kumbuka kwamba matone huishia kushuka chini, kwenye shuka zao na nyuso zao. Panga mapema nani anambeba nani, kwa sababu baada ya kubonyeza hutakuwa na macho ya kuwatafuta. Mtoto mchanga na mwenye pumu ndio wa kwanza kutolewa. Kwa mwenye pumu dawa hii inaweza kubana njia za hewa kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo itafute kinga nyingine: taa ya nje, komeo la juu na la chini, filimbi kichwani pa kitanda, namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya jirani kwenye simu.

Ukishatoka usimfungie mtu ndani kwa kufuli. Anayekohoa gizani bila hewa anaweza kufa, na kesi itakuwa yako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Sekunde moja ya spreyi ili utoroke inaeleweka. Kummiminia kopo zima mtu aliyekwisha anguka haieleweki. Piga 112. Kuhusu kelele, naomba hili lisomwe mara mbili: ukitoka nje unapiga yowe la "mwizi" Mabatini au Igoma usiku, unajua kitakachofuata, na hutaweza kukizuia. Ita kwa majina ya majirani, sema umevamiwa, omba polisi. Akikamatwa, asikaliwe mgongoni wala kulazwa kifudifudi mikono ikiwa imefungwa nyuma. Mtu mwenye koo lililobana akikandamizwa kifua hukosa pumzi kabisa. Alazwe ubavu au akalishwe wima.

Kwenye daladala jibu letu ni hapana. Hiace iliyojaa, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi au mvua, mlango mmoja wa kusukuma ambao konda ndiye anayeusimamia, na dereva anavuta hewa ileile. Macho ya dereva yakifumba kwa sekunde tatu gari likiwa kilomita 50 kwa saa, limeshakwenda zaidi ya mita 40 bila dereva. Mchomoa simu hafai kulipiwa gharama hiyo. Anayekushikashika, sema kwa sauti, taja nguo aliyovaa, mwambie konda ashushe. Abiria wa Buhongwa au Kisesa hawanyamazii jambo hilo likishatajwa. Kwenye bajaji vilevile: dereva yuko mbele yako chini ya mita 1, na hewa inayoingia pembeni huzunguka na kurudi kiti cha nyuma. Mapazia ya mvua yakiwa yameteremshwa, ni sawa na kibanda kinachotembea.

Nataka nikae zaidi kwenye kumbi za muziki na baa, kwa sababu huko kopo mara nyingi huwa mikononi mwa mabaunsa, na kosa la mtu mmoja linawafikia mamia. Tarehe 17 Februari 2003, mjini Chicago, walinzi wa ukumbi wa E2 walitumia spreyi ya pilipili kuamua ugomvi. Ukumbi ulikuwa ghorofani. Watu walikimbilia ngazi za mlango wa mbele, wa kwanza wakaanguka, walio nyuma wakaendelea kuja kwa sababu hawakuona. Walikufa watu 21. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Desemba 2018, Corinaldo nchini Italia, spreyi ilipulizwa ndani ya ukumbi uliojaa vijana waliosubiri msanii. Walikufa 6, watano wao wakiwa bado watoto kwa umri, na mmoja mama aliyempeleka mwanawe. Katika misiba yote miwili waliokufa walibanwa na kukanyagwa. Pilipili iliwaanzisha mbio tu.

Namna inavyotokea inaeleweka ukiitazama polepole. Mmoja anapuliziwa katikati ya ukumbi. Walio karibu wanahisi koo linawaka, lakini hawajaona kopo, hawajui ni nini. Wengine wanadhani ni moto, wengine ni sumu. Kila mmoja anakimbilia mlango alioingilia, hata kama ubavuni mwake upo mwingine. Muziki haujazimwa, taa hazijawashwa. Sasa fikiria ukumbi wa mjini kwetu wenye ngazi moja nyembamba, na mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo ili watu wasiingie bila kulipa. Kwa wenye kumbi tunasema bila kuzunguka: baunsa asiingie na kopo ndani. Ugomvi uamuliwe kwa mikono ya walinzi wawili au watatu, wagombanaji watolewe nje kwa milango tofauti. Na kama mtu baki amepuliza, kazi ya kwanza ni kuzima muziki, kuwasha taa zote, kufungua milango yote, na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba ni pilipili, hakuna moto, tokeni kwa kutembea. Tangazo hilo lifanyiwe mazoezi na DJ kabla ya usiku wa watu wengi.

Melini ni hivyohivyo, na pengine zaidi. Ajali za kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 hazikuhusiana kwa lolote na spreyi, lakini hakuna mtu wa ziwa hili anayehitaji kufundishwa kinachoweza kutokea watu wengi wakihamia upande mmoja wa chombo. Wingu la pilipili kwenye daraja la chini, safari ya kwenda Bukoba au Ukerewe, litawahamisha watu kwa mkupuo. Mwenye hatari humo apande sitaha ya wazi na kuwaita mabaharia.

Kitu kingine kinachosahaulika ni moto. Baadhi ya makopo husukumwa na gesi ya butani au propani, na dawa yenyewe huchanganywa na spiriti. Mengine hutumia naitrojeni au gesi isiyoshika moto. Kwenye lebo tafuta alama ya mwali. Ukiliona kopo lenye mwali, halifai jikoni kwa mama ntilie, wala kwenye banda la chips, wala kwenye chumba ambamo jiko la gesi, mkaa au kibatari kinawaka. Ukilipuliza mbele ya mwali unaowaka, dawa inaweza kushika moto ikiwa bado hewani.

Huduma ya kwanza inataka maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Toka kwenye hewa, elekeza uso kwenye upepo, pepesa macho mfululizo, usiyasugue. Mwenye lenzi za macho azitoe kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na asizirudishe. Osha macho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kichwa kikiwa kimelala upande ili maji yatoke pembe ya ndani ya jicho kwenda nje na yasiingie jicho la pili. Chupa ya lita 1.5 itaisha ndani ya dakika moja na ushei. Ndoo ya lita 20 ukimimina kwa kikombe taratibu inatosha dakika hizo 15. Maji yawe ya bomba au ya chupa. Ya ziwa yasitumike, kwa sababu ya kichocho na uchafu wa ufukweni. Ngozi ioshwe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza, rudia mara tatu au nne, sabuni isiingie machoni. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji matupu, inayeyuka kwenye mafuta, na hapo ndipo watu huharibu: wanapaka mafuta ya nazi au Vaseline na kuisambaza usoni mzima. Usipake kitu chochote cha mafuta, wala dawa ya meno.

Maziwa yanasifiwa sana. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lililinganisha maziwa, shampuu ya watoto, dawa ya kiungulia, dawa ya ganzi na maji kwa watu wa kujitolea waliopakwa pilipili, na hakikuonekana kilichoshinda maji kwa tofauti ya maana. Muda ndio uliopunguza maumivu. Maziwa fresh ya kibuyu machoni yanaweza kukuachia maambukizi, hivyo yaacheni yanywewe. Mwenye pumu apewe pampu yake, akae wima. Akiendelea kupumua kwa mluzi, au saa nzima imepita na jicho bado linauma sana au haoni vizuri, apelekwe hospitali, iwe ya wilaya au Bugando, na mweleze daktari kwamba ni pilipili. Mkienda na kopo lenyewe itamsaidia.

Kopo linataka matunzo. Muda wake wa kawaida ni miaka 2 hadi 4, na kinachoisha mara nyingi ni msukumo wa gesi: kopo la zamani linatema matone miguuni pako badala ya kufika mita 3. Lisiachwe kwenye gari lililopaki juani, kwani joto likizidi nyuzi 50 linaweza kupasuka. Mara moja kila baada ya miezi michache litikise, nenda sehemu ya wazi isiyo na watu, mgongo ukiwa kwenye upepo, bonyeza kwa nusu sekunde, kisha futa tundu lake kwa kitambaa chenye sabuni ili lisizibe. Kumbuka kopo la mfukoni, la mililita 15 hadi 20, lina sekunde chache tu za dawa. Yapo makopo ya mazoezi yenye maji matupu, na kwa bei yake ndiyo ununuzi wenye faida kuliko wote. Kabla ya ununuzi wowote pita kituo cha polisi uulize kama aina unayoitaka inaruhusiwa kumilikiwa na kubebwa na raia. Kwenye ndege hairuhusiwi kabisa, si mkononi wala kwenye begi la mizigo, kwa hiyo anayesafiri kupitia uwanja wa Mwanza aliache nyumbani.

Chumba kilichopuliziwa kisifagiliwe. Dawa ikikauka huwa vumbi, na ufagio au feni huliamsha upya; ndiyo maana watu hukohoa kesho yake wakadhani mwizi amerudi. Fungua mlango na madirisha, weka feni ya mezani dirishani ikitazama nje, kaa nje saa moja au zaidi. Kisha vaa glavu na barakoa, futa kuta, meza, vitasa na sakafu kwa maji ya baridi na sabuni ya vyombo, badilisha maji mara mbili au tatu. Maji ya moto hupandisha mvuke wenye pilipili. Chandarua, shuka na nguo zifuliwe peke yake. Chakula kilichokuwa wazi kimwagwe.

Mwisho naomba kuwasemesha wenye nyumba na mafundi wa kuchomelea. Madirisha yetu yote yana nondo zisizofunguka, na kwenye nyumba za kupanga za Igogo na Mabatini chumba kina mlango mmoja tu, ambao ndio anaosimama mvamizi. Katika kila chumba, dirisha moja la nondo litengenezwe kwa fremu yenye bawaba, uwazi wa sentimita 60 kwa 60 au zaidi, komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, lenye kupakwa grisi ili lisishike kutu kwa unyevu wa ziwa. Wakala naye aagize mlango wa kibanda ufungukie nje. Fundi akishamaliza, mwenye chumba apime mwenyewe usiku, taa zikiwa zimezimwa na macho yamefumbwa, inamchukua sekunde ngapi kutoka kitandani hadi nje. Zikizidi pumzi moja aliyoizuia, apange upya kitanda.

Mkufunzi wa walinzi na huduma ya kwanza,
Mkuyuni, Mwanza